Hodi Mbili, Mlango Mmoja

Ningeikataa kalamu.

Nyinyi vijana mnaotengeneza simu pale stendi ya Kibiti huwa mnaniuliza kosa langu kubwa katika kazi ya kompyuta lilikuwa lipi. Mnategemea habari ya moshi. Moshi ulikuwepo, nitawasimulia. Lakini jibu la kweli ni siku ile Mratibu wa mradi wetu aliponisogezea karatasi yenye mistari mitano, akaweka kalamu yake juu yake, akaenda kusimama dirishani kama mtu anayetazama mvua, na mvua haikuwepo. Ningesema tu, "Bwana, sisaini." Nilikuwa na miaka thelathini na moja, cheti cha kidato cha nne, na kingine cha kozi ya miezi mitatu ya Dar es Salaam. Nikasaini, tena kwa mwandiko mzuri.

Karatasi ilimhusu Mzee Mbonde. Na huyo lazima nianze naye, maana hata hiki kidogo ninachojua nilikipata kwake.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na maduka ya Ikwiriri yamejaa redio za Dubai zenye taa nyingi kuliko sauti. Miradi nayo ilizuka kila kukicha. Wetu ulihusu mikoko na kilimo cha bondeni. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga hapa Kibiti, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga. Tulirekodi watu wa delta wakieleza mambo yao, tukaunganisha sauti kwenye kompyuta, tukazitoa kwenye kaseti za kupeleka vijijini. Kompyuta ilikuwa moja. Ikinyamaza, na mradi umenyamaza.

Mzee Mbonde alikuwa fundi redio. Shirika alilolitumikia Dar lilimpunguza, akarudi kwao na sanduku la vifaa na kikohozi. Mradi ukamchukua kutunza jenereta na vinasa sauti. Alikuwa akiniambia, "Msomi, mtu hupunguzwa mara moja. Akipunguzwa mara mbili, watu wanaanza kudhani tatizo ni yeye." Alisema hivyo akicheka, lakini nilijua hakuwa anacheka. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imemrudishia jina lake la fundi.

Msomi ndilo jina alilonipa, kwa sababu nilisoma mwongozo wa Kiingereza na yeye hakuweza. Kiswahili alisoma vizuri sana. Kiingereza alikitambua kwa sura tu, kama mtu anavyotambua ng'ombe wa jirani.

Sasa moshi. Wiki yangu ya kwanza nilifungua sanduku la kompyuta nikaichomeka, nikaiwasha mbele ya ofisi nzima. Nyuma ya mashine zile kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua umeme. Ilikuwa imekaa upande wa umeme wa wenzetu wa ng'ambo, ambao ni nusu ya wetu. Ikalia paa! Chumba kikanuka kama samaki aliyeungulia chini ya chungu. Bi Tatu, mpiga chapa wetu, akatoka mbio na kiatu kimoja.

Mratibu akaingia. "Nani kaiwasha hii?"

Nikainama kana kwamba nakagua waya.

"Miye," akasema Mzee Mbonde. "Niliona swichi nikadhani ni ya taa."

Akasemwa vibaya, mtu mzima yule, huku amesimama na kofia yake mkononi. Kisha akaagiza kifaa kingine cha kupitisha umeme kutoka Dar, akanionyesha jinsi ya kukifunga. Tulipobaki wawili akaniambia, "Hii ya kwanza nimekubebea, kwa kuwa u mgeni. Ya pili utaibeba mwenyewe, ukue."

Yashikeni maneno hayo, tutayarudia.

Kompyuta za wakati ule hazikuwa kama hivi vidude vyenu. Leo mnachomeka kitu, mashine inakitambua, mnaendelea kutafuna karanga. Zamani kila kadi uliyoingiza ndani ya mashine ilikuwa na vijiti vya chuma na kifuniko cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, tukikiita jampa. Ukikiweka hapa kadi inashika namba hii, ukikihamisha inashika ile. Namba zilikuwa chache, na mwongozo mara nyingi ulikuwa umebaki Dubai.

Namba hizo ndizo za interapti, yaani njia ya kila kadi kumwita prosesa, ubongo wa mashine. Nilipotoka kozi niliimwaga habari yake mbele ya Mzee kama nilivyoikariri, nusu Kiingereza, nusu mikono. Yeye alikuwa anachoma solda. Akaniacha nimalize, kisha akauliza:

"Yaani printa ikiwa na jambo kwa huyo mkubwa wao, inafanyaje?"

"Inamkatiza kazi. Inamtumia ishara kwenye mstari wake."

"Na kadi ya sauti?"

"Mstari wake mwingine."

"Kumbe ni hodi!" akasema. "Umeizungusha weee, kumbe hodi tu. Kila mmoja ana mlango wake wa kupigia hodi. Wakija wawili mlango mmoja, mwenye nyumba anamwitikia mmoja, mwingine anabaki uani anahesabu kuku."

"Na huyo wa uani akiwa kadi ya sauti?"

Akafikiri, solda inatoa moshi. "Hakuna atakayempa maneno mapya. Atarudia yale yale aliyokuja nayo, mpaka achoke."

Wanangu, mwalimu wetu wa Dar alitumia siku mbili na ubao mzima kusema hayo, na darasa likatoka halijaelewa.

Tangu siku ile Mzee akaweka utaratibu. Alichana karatasi ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa za penseli, akaibandika upande wa ndani wa kifuniko cha kompyuta: 4 KIPANYA. 5 SAUTI. 7 PRINTA. Chini yake akaandika: MGENI AJIANDIKE. Kila kadi mpya iandikwe namba yake pale kabla kifuniko hakijafungwa. Nilicheka. Niliona ni mambo ya fundi redio anayeogopa kusahau. Leo ningekuwa na karakana ningeibandika karatasi ya namna hiyo kwenye kila mashine, na kwenye kila ndoa.

Jingine alilonifundisha: kabla hujashika kadi, gusa kwanza bati la mashine, mwili uache umeme wake. Jingine: kitu kikiharibika usiulize nini kimekufa, uliza nani kaingia mwisho. Hilo alilisema kila siku mpaka Bi Tatu akalichukua. Sukari ikiisha ofisini anauliza, "Nani kaingia mwisho?"

Basi ikaja habari ya wageni. Wafadhili wanakuja kuona kazi, na Mratibu akataka wakute ofisi ina barua za kompyuta, zile zinazopita kwenye waya wa simu. Laini ya simu ilikuwa imeunganishwa karibuni. Akarudi kutoka Dar na modemu, kadi ya kuingiza ndani, haina mwongozo, haina hata boksi.

"Ifungwe leo," akaniambia. "Wageni ni keshokutwa."

Mzee Mbonde siku hiyo alikuwa delta. Alipanda boti Nyamisati kwenda kumalizia kumrekodi Bi Mwanahawa, bibi mmoja wa visiwani mwenye sauti kavu, aliyejua habari za mpunga wa mafuriko kuliko mabwana shamba wote. Bibi huyo hakukubali kurekodiwa na mtu mwingine. Alisema Mzee Mbonde anasikiliza kama mtu aliyezaliwa na mama.

Nikafungua mashine peke yangu. Nikaiweka modemu namba tatu, ikakataa, kwa sababu tundu la pili la nyuma ya mashine, ambalo hatukulitumia kwa lolote, lilikuwa limekalia namba hiyo. Kulizima lile tundu lisilo na kazi ilikuwa shughuli ya dakika mbili, lakini sikulifikiria. Nikahamisha jampa, nikaweka tano. Simu ikaita, modemu ikapiga kelele zake kama kuku anayekatwa, barua ikaenda Dar. Mratibu akanishika bega. Nikafunga kifuniko, skrubu zote nne, sikuisoma karatasi ya Mzee iliyokuwa inanitazama usoni. Wala sikujaribu sauti.

Hapo ndipo kosa la fundi lilipo. Ukiongeza kitu, usijaribu kile ulichokileta. Hicho lazima kifanye kazi, umekikazania. Jaribu vile ulivyovikuta.

Asubuhi ya wageni Mzee alifungua mashine kama alivyofanya kila siku yenye ugeni, kwa brashi ya rangi, kutoa pumba. Tulikuwa jirani na mashine ya kukoboa. Pumba ziliingia mpaka kwenye chai. Akaona kadi mpya. Miwani yake ilikuwa nyumbani, namba za jampa asingeweza kuziona.

"Msomi, huyu mgeni amejiandika?"

"Amejiandika," nikasema, nikiwa nakunja shati.

Akafunga kifuniko. Aliniamini, ndiyo maana hakuangalia karatasi.

Wageni walikuwa sita, kwenye viti vya kuazima. Mratibu akatoa hotuba, kisha akasema sasa tutamsikia mwananchi mwenyewe wa delta. Nikabonyeza. Sauti ya Bi Mwanahawa ikajaa chumba: "Sisi mpunga wetu..." Halafu ikasema, "wetu." Halafu, "wetu, wetu, wetu, wetu," haraka haraka, haipumui, kama mashine ya kushonea.

Nikazima, nikawasha. "Sisi mpunga wetu, wetu, wetu, wetu."

Mgeni mmoja, Mzungu aliyejua Kiswahili kidogo, akauliza kwa upole, "Huyu bibi anadai nini?"

"Chake," akajibu Bi Tatu kwa nyuma.

Watu wakacheka. Mratibu hakucheka. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake, nami nikaona lazima siku hiyo mtu aliwe.

Mzee Mbonde alisogea, akaniinamia kana kwamba anarekebisha waya wa spika. "Wawili wanapiga hodi moja," akanong'ona. "Ile kadi umeipa ngapi?"

Nikashika kipanya, nikakisogeza bure.

"Uliniambia amejiandika."

Akanitazama, akakohoa, akasema, "Basi sema mwenyewe. Miye sitakusemea, na wala sitakushitaki. Hii ni ya pili."

Wageni walipelekwa kula wali. Ningeweza kusema pale pale. Sauti ingerudi kabla hawajafika kwenye ndizi. Badala yake niliingia chumbani, nikafungua kifuniko, nikaitazama ile karatasi: 5 SAUTI, kwa penseli, herufi kubwa kama za mtoto. Nikaibandua nikaitia mfukoni. Nawaambieni hili kwa sababu watu hupenda kusema alishawishiwa na mkubwa wake. Mkubwa alikuwa bado anakula. Karatasi niliibandua mwenyewe.

Mratibu alipoingia, alifunga mlango. "Yule mzee aliifungua mashine leo. Nimemwona kwa macho yangu, na brashi ya rangi. Ya rangi, Bwana Seif!"

"Ndiyo, aliifungua."

"Wafadhili wanataka maelezo ya maandishi. Siwezi kuwaambia modemu, modemu nimeinunua mimi. Wewe una vyeti viwili. Yeye ana nini?"

Nilikuwa na jibu. Alikuwa na masikio, na karatasi yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, "Hana cheti."

"Meza yake itahitaji mtu," akasema, akaandika mistari yake mitano kwa Kiingereza, akaenda dirishani kutazama mvua isiyokuwepo.

Wageni walipoondoka alasiri, nilizima lile tundu la pili, nikahamishia modemu namba tatu. Dakika ishirini. Bi Mwanahawa akasema sentensi yake mpaka mwisho: "Sisi mpunga wetu hausubiri mtu, unasubiri maji." Nikapongezwa kuwa nimetengeneza alichoharibu mzee.

Kesho yake Mzee Mbonde alipewa nakala ya barua. Ilikuwa Kiingereza. Akaja nayo mezani kwangu, ameishika kwa mikono miwili.

"Msomi, nisomee."

Bi Tatu akaacha kupiga chapa. Nikasoma kwa Kiswahili, neno kwa neno: kwamba Bwana Mbonde aliifungua kompyuta asubuhi ya tarehe ile bila kibali cha maandishi, kwamba alitumia kifaa kisichofaa, kwamba baada ya hapo mashine haikutoa sauti ipasavyo, kwamba kwa hiyo mradi hautaendelea na huduma zake. Nikaiweka barua mezani.

"Kuna jina chini," akasema. "Hilo silitambui kwa sura?"

"Langu."

"Lisome basi. Usiniachie kipande."

Nikalisoma jina langu.

Akaikunja barua mara nne. Nilitamani anitukane. "Kila neno ni kweli," akasema. "Umetafsiri vizuri." Akaenda kuchukua sanduku lake, akamuaga Bi Tatu, akamuaga mlinzi. Bi Tatu alinitazama akasema, "Nani kaingia mwisho?" Hakuniita jina langu tena mpaka mradi ulipokwisha.

Nilijua Mzee kahamia visiwani kwa ndugu za mkewe, anatengeneza redio za wakata mikoko. Nilijua pia kwamba watu walimuuliza kwa nini mradi umemwacha, naye hakunitaja. Walianza kudhani tatizo ni yeye, kama alivyosema. Wavuvi waliokuwa wakimpa vinasa sauti vyao wakaanza kuvipeleka Ikwiriri.

Niliposhindwa kukaa nalo nikaenda. Nilipanda boti Nyamisati asubuhi, ile karatasi ya penseli iko mfuko wa shati. Nilikuwa nimepanga nitakayosema. Nitampa shikamoo, nitamkabidhi karatasi yake, nitamwomba radhi, kisha tutarudi wote Kibiti nikamsemee mbele ya Mratibu na Bi Tatu.

Lazima niwaeleze jambo moja la nyumbani kwake, tangu alipokuwa Kibiti. Redio haikuzimwa. Lakini mtu akipiga hodi, kwanza aliishusha sauti, ndipo aitikie karibu. Alisema mgeni hajibiwi juu ya kelele. Ukisikia redio imeshuka, ujue umeshasikika.

Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa na mlango umerudishwa, na redio ndani inasoma matangazo ya vifo.

"Hodi," nikasema.

Redio ikashuka. Nikasikia kikohozi chake, kile kile.

"Hodi, Mzee. Ni mimi, Seif."

Nadhani nilisikia kiti kikisogea.

Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unageuka, na mwenye nyumba hakukosei. Ndivyo tulivyofundishwa wote tangu chuo cha Kurani. Nilisimama muda mrefu kabla ya kuitoa ya tatu, kwa sababu nilijua nikiitoa imekwisha. Kuku walikuwa wanapita miguuni mwangu. Sitanii, niliwahesabu. Walikuwa saba.

"Hodi," nikasema.

Redio ikapanda. Polepole, kama anavyofanya fundi, hakuna kukwaruza. Ikapanda mpaka pale ilipokuwa nilipofika, ikaendelea kutaja majina ya marehemu na ndugu wanaojulishwa. Nikarudi kwenye boti na karatasi yangu.

Alikufa kabla ya Ramadhani iliyofuata, na mimi nikapata habari baada ya mazishi.

Nyinyi mnaniita Fundi Seif, mnaniletea maswali, mnadhani nina mengi. Karatasi ninayo, penseli imefifia, lakini namba tano inasomeka. Kwa saini ile nilikalia meza ya Mzee Mbonde mwaka mmoja na miezi minne, mpaka wafadhili walipoondoka na ofisi ikafungwa. Nilichokitoa ni mtu pekee katika kazi hii aliyewahi kulichukua kosa langu akalifanya lake, pamoja na radhi yake. Sikuipata akiwa hai, na amezikwa nayo.